Mtihani wa Pili wa Mwalimu Bong

Saluni yangu iko ghorofa ya chini, mtaa wa nyuma ya soko la samaki hapa Mokpo, na juu yangu ndiko Bong Hye-ran anakofundishia. Watoto wa sekondari humjia jioni wakitoka shule, anawanoa kusoma kwa ufahamu na kuandika insha ili waingie chuo kikuu. Miaka yote aliyofundisha hapo nimekuwa nasokota nywele za kina mama huku sauti yake ikishuka kupitia dari: soma swali tena, umejibu ambalo hukuulizwa.

Ananiita dada. Mimi namwita Mwalimu mbele za watu, na Hye-ran tukiwa wawili. Habari ya mtihani wake, kila mtu sokoni anaisimulia kivyake, na wengi wanaanzia mwisho, kwenye shangwe. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo.

Hye-ran na mitihani walikuwa wanajuana zamani. Alipokuwa msichana alikwenda Seoul kusoma sheria, akamaliza chuo, kisha akafanya walivyofanya wengi enzi hizo: akapanga chumba cha upana wa godoro katika mtaa wa watahiniwa, akaanza kujiandaa kwa mtihani wa zamani wa uwakili, ule uliokuwa ukipitisha wachache mno. Akafeli. Akarudia. Akapita hatua ya kwanza, akaanguka ya pili. Akarudia tena, na tena. Mama yake, Ma Jeom-rye, anauza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, na vitoweo vya mboga pale sokoni, na kwa miaka hiyo alikuwa anampelekea mwanawe masanduku ya chakula kwa basi. Hye-ran hakuwa anarudi nyumbani hata sikukuu ya mavuno, eti mtihani umekaribia. Mwaka mmoja baba yake alifariki siku ile ile alipoingia kwenye chumba cha mtihani. Mtihani ulikuwa wa siku nne, na ndugu wakakubaliana wasimwambie mpaka amalize. Alipopigiwa simu, mzee alikuwa ameshazikwa. Na mtihani wenyewe hakufaulu.

Halafu serikali ikatangaza kwamba mtihani ule wa zamani unafutwa, na anayetaka uwakili apitie shule ya sheria. Hye-ran akarudi Mokpo na begi moja, mashavu yameingia ndani. Akakodi chumba juu yangu akaanza kufundisha. Akaolewa na Guk Tae-jun, dereva wa lori la kuchanganya saruji, mtu wa maneno machache na utani mwingi, wakapata binti, Seo-i. Neno sheria halikutajwa tena nyumbani kwao.

Lililolirudisha ni kesi yangu mimi. Mwenye jengo alitaka kunitoa saluni ampe mwanawe afungue mgahawa wa kahawa. Hye-ran akachukua mkataba wangu akausoma, akaniambia sheria inanilinda, mkataba bado unaweza kuongezwa. Akanifundisha cha kusema kama anavyofundisha watoto wake, mpaka nikakikariri. Tulipofika mahakamani ulimi ukanishika. Hye-ran akasimama aniongelee. Hakimu, kwa upole kabisa, akamuuliza kama yeye ni wakili. Akasema hapana. Akaambiwa aketi. Nikajikongoja mwenyewe, nikavuka, na saluni ndiyo hii bado ninayo. Lakini nilimwona Hye-ran alivyoketi. Mikono ameibana katikati ya magoti, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Mwaka uliofuata, kiangazi, alikwenda Gwangju kufanya mtihani wa kuingilia shule ya sheria. Tuliojua ni mimi na Tae-jun tu. Mama yake aliambiwa kwamba anawapeleka wanafunzi kutembelea chuo.

Mtihani huo haupimi kama unaijua sheria. Unapima kusoma na kufikiri: asubuhi vifungu virefu vya kuelewa, kisha maswali ya hoja na mantiki, mwisho insha. Kusoma ndiyo kazi yake, kwa hiyo asubuhi ilimwendea vizuri. Kwenye mantiki akakutana na swali moja lililomkalia kooni. Akapambana nalo, akakataa kuliacha. Alipoinua kichwa muda umekwisha kasoro kidogo, maswali mengi hajayagusa, akajaza majibu haraka kwenye mistari isiyo yake, na alipokuwa anafuta ili arekebishe, karatasi zikakusanywa.

Matokeo yalitoka mwezi uliofuata. Sehemu ya kwanza ilimweka juu ya watu wengi, sehemu ya pili ikamzika. Kwa alama zile hakuna shule ambayo ingemtazama mara mbili. Mtihani ni mara moja kwa mwaka. Alishuka kwangu saluni ikiwa tupu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo.

"Dada, mimi hapa nimeshawahi kukaa."

Nikamuuliza hapa wapi.

"Hapa pa kusema, basi, mwakani."

Nikamchana nywele tu.

Siri haikukaa. Mteja mmoja wa mama yake alikuwa na mpwa aliyefanya mtihani chumba kile kile, na mpwa akasimulia juu ya mwalimu wa Mokpo aliyelia kwenye ngazi. Siku mbili baadaye Mama Jeom-rye akaingia saluni na glavu zake za mpira, nyekundu kwa pilipili mpaka kwenye viwiko. Nikadhani amekuja kutia nywele mawimbi. Akaniambia nimwite mwanawe. Hye-ran akashuka, chaki bado mkononi.

"Umefanya mtihani."

"Nimefanya, mama."

"Umefeli."

"Nimefeli nusu."

"Nusu ndiyo nini? Mimi kabichi ikioza nusu naiuza?"

Wateja wawili waliokuwa chini ya mashine wakajifanya hawasikii. Mama akaendelea kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo iliyoniogopesha. Alisema aliwapelekea watu wa Seoul msichana mwenye mashavu, wakamrudishia mifupa. Alisema alimzika mumewe huku akiwadanganya waombolezaji kwamba binti yuko njiani. Safari ile, alisema, Hye-ran alipotea peke yake. Safari hii ana mtoto. Akipotea, mtoto anapotea naye, na yeye mama mtu hana tena nguvu ya kubeba masanduku mpaka kituo cha basi.

"Usirudie," akasema. "Sijawahi kukuomba kitu. Hiki nakuomba."

Akatoka. Kwenye mpini wa mlango wangu paliachwa pilipili, nikaifuta mimi.

Kuanzia hapo kila aliyekaa kwenye kiti changu alikuwa na maoni. Mmoja alisema umri umekwenda, akihitimu atakuwa anavaa miwani miwili. Mwingine akasema bora huyo kuliko mume wake yeye, anayerudia bahati nasibu kila wiki. Tae-jun alikuja kunyoa nikamuuliza anaonaje. Akasema yeye anaendesha saruji, mambo ya mantiki hayajui. Ila mkewe anamjua. Akiwa na jambo analolitaka, nyumba nzima inachangamka. Akiwa hana, ananuna mpaka wali unaungua, na mwezi huo walikuwa wamekula wali ulioungua mno. Jioni ile, Hye-ran alinihadithia, alimwambia hivi: "Mama Seo-i, kama ni suala la mtoto kula na kuvaa soksi zinazofanana, niachie mimi. Soksi sikuahidi, lakini atakula."

Hata hivyo hakuamua. Wiki zikapita anapanda ngazi na kushuka. Kitu kilichokuwa kinamtafuna aliniambia baadaye: hakujua kama anataka kurudia kwa sababu anaweza, au kwa sababu ni mtu asiyejua kuacha. Ujana wake wote aliita jambo lile bidii. Sasa akatazama nyuma, akaona huenda lilikuwa ugonjwa.

Aliyemfungua ni mwanafunzi wake. Kulikuwa na binti mmoja, Yun-seul, aliyekosa chuo mwaka uliotangulia na sasa alikuwa anajiandaa kurudia. Kwa Hye-ran kuna sharti moja: hampokei anayerudia mpaka akae na karatasi yake ya zamani, swali kwa swali, aandike alikosa nini na kwa nini. Watoto wanalichukia sharti hilo kama dawa chungu. Sasa habari zilipofika darasani, wakaanza kumtania. Mwalimu, na wewe ni wetu? Mwalimu, karibu kwenye benchi la warudiaji. Hye-ran akacheka nao. Ndipo Yun-seul, bila utani, akamuuliza yeye ameshaandika alikosa nini.

"Bado," akasema Hye-ran.

"Basi Mwalimu bado hujafeli vizuri," akasema yule binti, na darasa zima likaangua kicheko mpaka taa yangu ya darini ikatikisika.

Siku ninayofunga saluni, Hye-ran akanijia na karatasi ya mtihani. Alisema juu hawezi, pananuka darasa. Akakaa kwenye meza ninayopangia rangi za nywele, nami nikawa nafua taulo. Akafanya ile sehemu ya mantiki yote tangu mwanzo, bila saa, taratibu. Kahawa nilimwekea ikapoa, nikamwekea nyingine ikapoa. Alipomaliza akalinganisha na majibu. Nilimwona kalamu inashuka, inashuka, haisimami. Mwisho wa ukurasa akaweka kalamu chini.

Alikuwa amekosa maswali machache, ya kuhesabu kwa vidole. Lile lililomkalia kooni Gwangju alilipata, na akaona kwamba hata lingemshinda, lilikuwa na thamani sawa na jepesi kabisa lililokuwa ukurasa wa nyuma yake.

"Dada, kule Seoul miaka yote ile sikuwahi kuitazama karatasi niliyofeli," akasema. "Hata mara moja. Nilikuwa naona aibu kuigusa. Naifungia kwenye boksi, naanza upya kitabu ukurasa wa kwanza. Nadhani kila mwaka nilikuwa narudia makosa yale yale."

Halafu akacheka. Si kicheko cha kujikaza, alicheka kama mtu aliyeona miwani yake iko kichwani muda wote anaitafuta. Akaniambia sasa anajua. Kichwa kinaweza, mkono ndio haujui kuachia. Na mkono unafundishika.

Tukaenda sokoni pamoja, aliniomba nimsindikize. Mama Jeom-rye alikuwa anakanda pilipili kwenye beseni. Hye-ran hakuomba ruhusa. Alichuchumaa, akavaa glavu, akaanza kukanda naye, akamweleza yote: mtihani ulivyokuwa, alipokosea, alichokifanya mezani kwangu. Akasema atarudia mara moja tu, darasa halifungi, na asipofaulu atanunua nyama aalike soko zima, na habari itaishia hapo.

"Hata ule wa kwanza ulisema mara moja tu," mama akamjibu.

"Nilisema."

"Sasa nikuamini kwa lipi?"

Hye-ran akazidi kukanda. Mama akakanda muda mrefu. Kisha akasema yeye mtihani haukumuumiza hata kidogo, watu wanafeli na wanaishi. Kilichomuumiza ni kiti cha mwanawe mezani, sikukuu baada ya sikukuu, hakina mtu. Ikiwa atarudia, basi kila Jumapili atakula kwake, na mtoto, na mume. Sikukuu zote atakuwepo. Siku ya ibada ya kumkumbuka baba yake, ile ya kila mwaka, atakuwepo.

"Safari hii utamwinamia baba yako siku yake, si siku uliyopata nafasi. Ukikosa hata mara moja, vitabu nachomea samaki."

"Sitakosa."

"Na usinikandie hivyo, unaziponda. Sogea."

Ndivyo alivyokubali.

Mwaka ule nilifanya kazi kwa shida, lazima niseme. Hye-ran aliazima kisaa changu cha kengele, cha kupimia muda wa dawa ya nywele. Kila asubuhi, Seo-i akishakwenda shule, kilikuwa kinalia juu ya vichwa vyetu, na wateja wangu wanaruka wakidhani nywele zao zimeiva. Alikuwa anajifundisha kuacha. Swali likimkatalia, aweke alama, aondoke, asigeuke nyuma. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo. Yeye ilimtoa jasho. Jioni darasa likiisha wanafunzi wanabaki kumpima, na Yun-seul ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Mwalimu akichelewa kuachia anamwambia basi limeshaondoka, Mwalimu, wewe unapungia mkono moshi.

Jumapili hakukosa. Tae-jun akanenepa kwa vyakula vya mama mkwe. Seo-i akajifunza kukunja kabichi.

Palikuwa na wakati mmoja nilidhani mambo yataharibika. Ibada ya baba ilianguka wiki mbili kabla ya mtihani, na siku ile ile asubuhi akafanya majaribio huko juu darasani, yakawa mabaya kuliko yote ya mwaka. Akashuka saluni amefura. Nikayaona macho yale ya zamani, yale aliyorudi nayo kutoka Seoul. Akasema labda aende kwa mama kuinama tu kisha arudi, asikae kupika. Nikamwambia afanye anavyoona. Akasimama mlangoni, funguo mkononi, akaniuliza eti ni saa ngapi, huku saa iko mbele yake ukutani. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaniambia anakwenda kukaanga samaki.

Alikaanga yeye samaki wote na chapati za vitunguu, mama akisimamia na kulalamika juu ya moto. Jioni walipopanga meza mbele ya picha ya mzee, Hye-ran akamimina pombe, akainama, paji la uso sakafuni, akakaa hivyo hivyo. Tae-jun aliniambia alikaa mpaka mtoto akaanza kumtazama baba yake kwa wasiwasi. Mama Jeom-rye ndiye aliyemgusa bega.

"Inuka," akamwambia. "Mzee ameshakuona."

Siku ya mtihani mama alifunga kibanda, kitu ambacho hafanyi hata akiwa na homa, tukaenda wote Gwangju kwa gari la Tae-jun. Langoni walikuwepo wazazi wa vijana wa miaka ishirini na kitu, na yeye katikati yao na kofia yake ya sokoni. Akatoa peremende ya kunata akaibandika kwenye lango, ili mwanawe anate asiteleze. Mlinzi akamwambia, mama, watu hawafanyi hivyo siku hizi. Akamjibu kwamba yeye mwenyewe si wa siku hizi. Mlinzi akaiacha. Tukashinda kwenye kivuli cha ukuta, joto linachoma, yeye kimya anasogeza midomo.

Hye-ran alitoka mwishoni kabisa na kundi. Nilitafuta uso wake nikaogopa kuusoma. Alituona, akaja moja kwa moja, akasema ana njaa, anataka tambi za baridi, bakuli kubwa. Mama akanitazama. Miaka yote ya Seoul, aliniambia baadaye, mwanawe hakuwahi kutoka kwenye mtihani akiwa na njaa.

Akiwa anakula akatuambia kwamba swali la kumkaba koo lilikuwepo tena, la wenyeji watano na wageni sita na nani hakai karibu na nani. Akaliwekea alama akaondoka. Akaruka na mengine mawili. Akayafikia yote yaliyobaki, akarudi akiwa na muda, moja kati ya yale matatu likamfungukia lenyewe. Mawili akayabahatisha. "Sijui niliyabahatisha vipi na wala sitaki kujua," akasema, akainua bakuli akanywa mchuzi.

Alama zilipotoka alizisoma akiwa amesimama kwenye ngazi kati ya kwake na kwangu. Zilikuwa za kutosha na kubaki. Akaomba nafasi shule mbili za sheria. Kwenye mahojiano profesa mmoja alimuuliza kwa nini mtu aliyeshindwa mara nyingi namna ile adhani safari hii ataweza. Akajibu kwamba zamani alikuwa anajua kuanza upya tu, na sasa amejifunza kutazama alipokosea. Akawaeleza habari ya jirani yake mwenye saluni na siku aliyoambiwa aketi. Alisema angependa siku nyingine asiambiwe hivyo.

Majibu yalikuja majira ya baridi, mchana, saluni imejaa. Nilisikia miguu ikishuka mbio, nikajua si mwanafunzi, wanafunzi hushuka kwa kuburuza. Akafungua mlango, akaninyooshea simu. Nikaichukua nikasoma. Amepokelewa Gwangju. Nilimkumbatia na mikono yangu imejaa dawa, ikampata kwenye sweta, ikalibabua, na hilo sweta hajalitupa. Wateja wakashangilia na vibanio vyao vichwani. Juu, kwa dirisha, Yun-seul, ambaye mwenyewe alikuwa ameshapata chuo na alikuja kusaidia wadogo zake, akapiga yowe hata muuza pweza wa ng'ambo ya barabara akatoka kuangalia nani kagongwa.

Wiki ile mama yake akatengenezesha bango. Hakumwambia mtu. Tulilikuta limetandazwa juu ya njia kuu ya soko, kutoka kibanda chake mpaka cha muuza taa, la manjano, na picha ya Hye-ran ya siku ya harusi: BINTI WA MA JEOM-RYE WA KIMCHI, BONG HYE-RAN, AMEINGIA SHULE YA SHERIA. Hye-ran akajifunika uso akasema mama atoe kitu kile, watu watamcheka. Mama akasema litakaa mpaka upepo wenyewe uchoke.

Na watu hawakucheka. Muuza taa alikuja na mkataba wake, muuza ngisi akaja na ugomvi wake na shemeji, mwingine na barua ya manispaa asiyoielewa. Wakajipanga mbele ya kibanda, kila mmoja anataka kumuuliza Mwalimu neno moja tu. Hye-ran, uso mwekundu, akawa anawaambia kwamba bado, hajaanza hata darasa la kwanza, ni miaka mitatu na mtihani mwingine mbele yake.

"Mmemsikia, bado," akasema Mama Jeom-rye, huku anamimina kimchi kwenye mifuko kwa mikono miwili. "Mkitaka kusubiri hapa, nunueni kitu."

Wakanunua. Mpaka adhuhuri beseni zilikuwa tupu, na foleni bado ipo.